Nani anayesomea tiba? Ngazi ya elimu ya afya na mtoto wa Zinga

Na Mwandishi Wetu

KATA ya Zinga, wilayani Bagamoyo katika Mkoa wa Pwani, haiko mbali na Jiji la Dar es Salaam. Barabara ya lami itokayo Tegeta na Bunju hupita Mapinga na Kerege, kisha Zinga, kabla ya kuufikia mji mkongwe wa Bagamoyo. Mkazi wa hapo anaweza kwenda Hospitali ya Taifa ya Muhimbili asubuhi na kurejea nyumbani jioni. Hata hivyo, safari ya kufika Muhimbili kama mgonjwa ni fupi mno ikilinganishwa na ile ya kufika hapo kama mwanafunzi wa udaktari.

Tofauti hiyo ndiyo inayozungumzwa katika makala haya. Ni tofauti inayowahusu watoto wa wavuvi, wa wakulima wa minazi na mihogo, na wa akina mama wanaolima mwani katika pwani ya Mlingotini. Aidha, inawahusu wasomaji wa mijini, kwa kuwa gharama ya wataalamu kurundikana mahali pamoja hulipwa na taifa zima.

Maana ya tatizo

Wataalamu wa elimu ya tiba wanapotaja ukosefu wa usawa, huwa na maana ya mambo mawili yanayofuatana. La kwanza ni nani anayeingia chuoni: mtoto wa mkulima au wa mtumishi, msichana au mvulana, aliyesoma shule ya kata au shule ya kulipia. La pili ni nani anayehudumiwa na wahitimu: je, wakishafuzu husambaa nchini au hubaki mijini?

Mambo haya mawili yana uhusiano wa karibu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani (WHO) lilitoa mwongozo kuhusu namna ya kuwapata na kuwabakiza wahudumu wa afya vijijini. Miongoni mwa mapendekezo yake ya mwanzo ni kudahili kwa makusudi wanafunzi wenye asili ya vijijini, kwa kuwa tafiti za nchi mbalimbali zilionyesha kuwa hao ndio wenye mwelekeo mkubwa zaidi wa kwenda kufanya kazi huko. Mwongozo huo ulihuishwa mwaka 2021, na pendekezo hilo likabaki.

Mwaka huohuo wa 2010, tume ya kimataifa iliyoratibiwa na jarida la tiba la Lancet, chini ya uenyekiti wa Julio Frenk na Lincoln Chen, ilieleza kuwa elimu ya wataalamu wa afya duniani haikwenda sambamba na mahitaji ya wananchi. Tume ilitaka vyuo vipimwe pia kwa mchango wao katika kuleta usawa wa huduma.

Kwa hiyo, mtu anapouliza kwa nini zahanati fulani haina tabibu au mkunga, sehemu ya jibu haipatikani katika orodha ya ajira ya mwaka huo. Inapatikana miaka kumi au zaidi nyuma, katika darasa la sayansi ambalo mtoto wa kijiji hicho hakulipata.

Chimbuko lake

Bagamoyo ina sehemu yake katika historia hii. Sewa Haji Paroo, mfanyabiashara mwenye asili ya Kihindi aliyejipatia utajiri kwa biashara ya misafara ya Bagamoyo, alitoa mali yake kwa ajili ya shule mjini humo na hospitali Dar es Salaam. Hospitali ya Sewa Haji ilihudumia Waafrika na Waasia, ilhali ile ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani, ilikuwa kwa ajili ya Wazungu. Mwaka 1956 ilifunguliwa hospitali mpya ya Princess Margaret, ambayo baada ya uhuru iliitwa Muhimbili. Jina la Sewahaji limebaki katika jengo mojawapo la wodi za hospitali hiyo.

Ubaguzi katika matibabu ulikwenda pamoja na ubaguzi katika mafunzo. Waafrika wengi walifundishwa kuwa wasaidizi, na wachache mno walifika Makerere nchini Uganda kusomea udaktari kamili. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, madaktari wazalendo walikuwa wapatao 12 tu, idadi ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliikumbusha mara nyingi.

Palikuwa pia na tofauti za kimkoa. Shule na hospitali za misheni zilikuwa nyingi zaidi katika maeneo kama Kilimanjaro, Kagera na nyanda za juu za kusini. Pwani, ijapokuwa Wamisionari wa Roho Mtakatifu waliingia Bagamoyo mwaka 1868, kabla ya maeneo mengi ya bara, haikupata mtandao wa shule za sekondari unaolingana na ule wa maeneo hayo. Matokeo ya mgawanyo huo hayakufutika kwa siku moja ya Desemba 1961.

Mwaka 1963 kilianzishwa Chuo cha Tiba Dar es Salaam, ambacho mwaka 1968 kikawa Kitivo cha Tiba, mwaka 1991 kikawa Chuo Kikuu Kishiriki cha Muhimbili, na mwaka 2007 kikawa chuo kikuu kamili, yaani MUHAS. Katika miaka hiyo ya mwanzo, Mwalimu aliwafananisha wasomi na mtu aliyepewa chakula chote kilichosalia katika kijiji chenye njaa, ili apate nguvu ya kwenda mbali kuwaletea wenzake msaada. Asiporudi, amekisaliti kijiji. Mfano huo ulikuwa na sharti moja ambalo halikutajwa sana: lazima mtu huyo awe ametoka kijijini, au angalau anakifahamu.

Ngazi iliyokuwapo

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Serikali ilielekeza nguvu katika zahanati na vituo vya afya vya vijijini. Madaktari wa kutosha hawakuwapo, hivyo zikaundwa kada za kati na za chini. Waganga wasaidizi wa vijijini walifundishwa baada ya kumaliza darasa la saba. Wasichana waliomaliza elimu ya msingi walifundishwa kuwa wasaidizi wa afya ya mama na mtoto. Juu yao walikuwapo waganga wasaidizi, ambao leo hujulikana kama matabibu, na juu zaidi madaktari wasaidizi.

Uzuri wa mfumo huo ulikuwa katika kupanda. Tabibu aliyefanya kazi miaka kadhaa aliweza kurudi chuoni kwa miaka miwili na kutoka akiwa daktari msaidizi, mwenye ruhusa ya kufanya upasuaji, ukiwamo wa kumtoa mtoto tumboni. Mtoto wa maskini ambaye hakuwa na njia ya kwenda kidato cha tano aliweza kufika katika chumba cha upasuaji kwa hatua, huku akilipwa mshahara njiani.

Wako waliotilia shaka ubora wa huduma zao. Hata hivyo, utafiti uliofanyika katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, na kuchapishwa mwaka 2009, uligundua kuwa madaktari wasaidizi ndio waliofanya sehemu kubwa ya upasuaji wa dharura wa uzazi, na kwamba matokeo yao hayakutofautiana kwa kiasi cha maana na ya madaktari wenye shahada.

Baadaye vigezo vya kuingia vilipandishwa. Kada za darasa la saba zilifungwa au kuendelezwa, na elimu ya kidato cha nne yenye ufaulu katika fizikia, kemia na baiolojia ikawa ndiyo mlango. Mwishoni mwa miaka ya 2010, wakati vyuo vinavyotoa shahada ya udaktari vikiongezeka, mafunzo ya madaktari wasaidizi yalisitishwa. Kila hatua ilikuwa na hoja yake, kwa kuwa mgonjwa wa kijijini anastahili mtaalamu aliyesoma vizuri kama anavyostahili wa mjini. Pamoja na hayo, kila kigezo kilipopanda bila shule za vijijini kupanda nacho, kundi jingine la watoto liliachwa nje.

Vikwazo vya leo

Leo anayetaka udaktari hutakiwa kufaulu vizuri fizikia, kemia na baiolojia katika kidato cha sita, kusoma chuoni miaka mitano, kisha kufanya mwaka mmoja wa mazoezi hospitalini. Njia mbadala ni kupitia stashahada ya tiba yenye ufaulu wa juu. Kwa maandishi, njia hizo ziko wazi kwa wote. Kwa vitendo, zina vizuizi vinne.

Kizuizi cha kwanza ni shule. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ulioanza mwaka 2004, ulizaa shule za kata kote nchini. Watoto wengi walipata nafasi, lakini nyingi ya shule hizo zilianza bila maabara na zikiwa na upungufu mkubwa wa walimu wa sayansi. Wilaya ya Bagamoyo inaonyesha pande zote mbili. Ina shule ya wasichana ya Marian, ya Kanisa Katoliki na ya kulipia, ambayo mara nyingi imetajwa miongoni mwa shule bora kitaifa na ambayo hupokea wanafunzi kutoka mikoa mingi. Wilaya hiyohiyo ina shule za kata ambazo wanafunzi wake hufanya mtihani uleule, siku ileile.

Kizuizi cha pili ni lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya Serikali husoma miaka saba kwa Kiswahili. Anapoingia kidato cha kwanza hukutana na baiolojia na kemia kwa Kiingereza. Mwenzake aliyesoma shule ya msingi ya mchepuo wa Kiingereza hana mzigo huo. Mtihani hupima elimu ya viumbe, lakini kwa mmoja wao hupima pia lugha. Jambo la kuzingatia ni kuwa mgonjwa atakayehudumiwa na wote wawili ataeleza maumivu yake kwa Kiswahili.

Kizuizi cha tatu ni fedha. Ada ya sekondari ya chini katika shule za Serikali ilifutwa kuanzia Januari 2016, na ya kidato cha tano na sita kuanzia mwaka wa masomo 2022/23. Hiyo ni hatua kubwa. Lakini masomo ya ziada, nauli, sare na chakula vimebaki kwa mzazi. Katika vyuo binafsi vya udaktari ada huhesabiwa kwa mamilioni ya shilingi kila mwaka. Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, kwa muda mrefu iliwahudumia wa shahada tu. Hivyo mtoto maskini aliyeanzia astashahada au stashahada, yaani ngazi aliyoweza kuifikia, ndiye aliyejilipia, na mwenzake aliyefika chuo kikuu akakopeshwa.

Kizuizi cha nne ni jinsia. Kwa miaka mingi msichana aliyepata mimba alifukuzwa shule. Mwezi Juni 2017, katika mkutano wa hadhara uliofanyika Chalinze, mkoani Pwani, Rais John Magufuli alisisitiza kuwa wasichana hao hawatarudi darasani. Msimamo huo ulibadilishwa Novemba 2021, Serikali ilipowaruhusu kurejea. Haiwezekani kujua ni wakunga na madaktari wangapi waliopotea katika miaka hiyo.

Wanaotafitiwa na wanaotafiti

Bagamoyo ina mfano mwingine unaostahili kutafakariwa. Taasisi ya Afya Ifakara, ambayo chimbuko lake ni maabara ya watafiti wa Uswisi iliyoanzishwa Ifakara mwaka 1957, ina kituo kikubwa mjini humo. Majaribio ya chanjo ya malaria ya RTS,S yalifanyika hapo, na Desemba 2008 matokeo ya majaribio kwa watoto wachanga wa Bagamoyo yalichapishwa katika jarida la New England Journal of Medicine. Katika awamu ya tatu, iliyohusisha watoto zaidi ya 15,000 katika vituo 11 vya nchi saba za Afrika, Tanzania iliwakilishwa na Bagamoyo na Korogwe. Oktoba 2021 WHO ilipendekeza chanjo hiyo itumike.

Huo ni mchango mkubwa wa wazazi wa wilaya hiyo kwa dunia. Walikubali watoto wao wachukuliwe damu na kufuatiliwa kwa miezi mingi. Watanzania walikuwa miongoni mwa viongozi wa utafiti huo, jambo la kujivunia. Swali linalobaki ni la kizazi kijacho: je, watoto waliozaliwa katika vijiji vilivyotoa mchango huo wana njia ya kuingia katika maabara hizo wakiwa watafiti?

Swali hilohilo linahusu mafunzo ya uuguzi. Bagamoyo kuna chuo cha uuguzi cha Serikali, lakini nafasi zake hushindaniwa na waombaji wa nchi nzima. Chuo kuwa jirani si dhamana ya nafasi. Jirani wa chuo, asiyekuwa na alama za sayansi wala fedha za kujikimu, hukiona kila siku akipita.

Majirani walivyojaribu

Uganda ilianza mapema kutafuta dawa. Mwaka 1990 Chuo Kikuu cha Makerere kiliamua kuwaongezea wasichana pointi 1.5 katika udahili. Mwaka 2005 Serikali ya nchi hiyo ilianzisha mgao wa nafasi zinazolipiwa na Serikali kwa kila wilaya. Idadi ya wasichana iliongezeka. Wakosoaji, hata hivyo, walieleza kuwa walionufaika zaidi walikuwa wasichana wa familia zenye uwezo, na kwamba katika mgao wa wilaya baadhi ya waliosoma shule nzuri za mjini walijiandikisha kwa wilaya za asili za wazazi wao. Fundisho lake ni kuwa upendeleo ukikosa shabaha huishia mikononi mwa yule asiyeuhitaji.

Afrika Kusini ilichukua njia nyingine. Mwaka 1999, Hospitali ya Mosvold iliyoko Ingwavuma, eneo la vijijini la KwaZulu-Natal, ilianza kuwafadhili vijana wa eneo lake wasomee fani za afya. Mpango huo baadaye ulikua na kuitwa Umthombo Youth Development Foundation. Kijana huanza kwa kujitolea katika hospitali ya kwao, huchaguliwa na hospitali hiyo, hupewa mlezi wa kumfuatilia chuoni, na akifuzu hufanya kazi vijijini mwaka mmoja kwa kila mwaka aliofadhiliwa. Mamia wamehitimu kwa njia hiyo. Hapa uchaguzi ulifanywa na wale watakaohudumiwa.

Tanzania yenyewe iliwahi kujaribu. Mgao wa nafasi za kidato cha kwanza kwa mikoa ulitumika katika miaka ya Ujamaa. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka wanaoingia chuo kikuu wawe wamefanya kazi kwanza na kupendekezwa na wenzao kazini. Ilipoonekana kuwa sharti hilo linawapunguza wasichana, waliruhusiwa kuingia moja kwa moja. Hapo pana fundisho pia: kanuni iliyokusudiwa kuleta usawa inahitaji kupimwa na kurekebishwa mapema.

Hatua zilizochukuliwa

Katika miaka ya karibuni yapo mabadiliko ya kutia moyo. Kuanzia mwaka wa masomo 2023/24 Serikali ilianza kutoa mikopo kwa wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, zikiwamo za afya. Ufadhili wa Samia, ulioanza mwaka 2022/23, huwalipia waliofanya vizuri zaidi katika masomo ya sayansi ya kidato cha sita. Januari 2024 ulizinduliwa mpango wa kuwafundisha wahudumu wa afya ngazi ya jamii zaidi ya 137,000 katika miaka mitano, ambao huchaguliwa katika vijiji na mitaa yao.

Hatua hizi hazina uzito sawa katika suala la usawa. Mikopo ya stashahada inamfikia mtoto wa shule ya kata pale alipo. Ufadhili unaofuata alama za juu peke yake huenda zaidi kwa waliokuwa na shule nzuri tangu mwanzo. Nao mpango wa wahudumu wa jamii utakuwa ngazi iwapo mhudumu mwenye bidii ataweza kuendelea na astashahada ya uuguzi au utabibu. Vinginevyo utabaki kuwa kibarua cha kijijini.

Suala la ajira nalo lisisahaulike. Mwaka 2017 Serikali ilikubali kuipatia Kenya madaktari 500, wakati hospitali za Tanzania zikiwa na upungufu. Mpango huo ulipokwama mahakamani nchini Kenya, madaktari 258 waliokuwa wameomba waliajiriwa nyumbani. Tukio hilo liliweka wazi kuwa nchi inaweza kuwa na wataalamu wasio na kazi na wagonjwa wasio na wataalamu kwa wakati mmoja. Anayeumia zaidi ni mhitimu wa familia maskini, ambaye hana wa kumlisha akijitolea bila mshahara huku akisubiri tangazo la nafasi.

Kinachohitajika

Kutokana na maelezo hayo, mambo matatu yanaweza kufanyika bila kusubiri fedha za wafadhili. Kwanza, kila chuo cha afya kitangaze kila mwaka wanafunzi wake wametoka shule za aina gani, mikoa gani, na ni wa jinsia gani. Pasipo takwimu hizo hakuna anayeweza kudai kuwa mambo yameboreka au yameharibika.

Pili, sehemu ya nafasi za vyuo vya Serikali itengwe kwa waliosoma shule za kata katika wilaya zenye upungufu wa watumishi, kwa kuangalia shule aliyosoma mwombaji badala ya asili ya wazazi wake. Wapewe pia kozi ya awali ya sayansi na Kiingereza, ili kuingia kwao kusiwe mwanzo wa kufeli.

Tatu, njia ya kupanda kutoka kada moja hadi nyingine irejeshwe kwa uwazi. Baada ya mafunzo ya madaktari wasaidizi kusitishwa, tabibu wa zahanati anahitaji kujua ni lini na kwa masharti gani atapewa ruhusa ya masomo, na kama mshahara wake utaendelea.

Mtihani wa kidato cha sita utaendelea kuwapo, na mgonjwa hatakubali kutibiwa na asiyefuzu. Lakini alama za mtihani hupima kwa pamoja uwezo wa mtoto na uwezo wa shule yake. Serikali, vyuo na mabaraza ya taaluma vina wajibu wa kutenganisha mambo hayo mawili. Vikishindwa, mtoto wa Zinga ataendelea kupanda daladala kwenda Muhimbili kama mgonjwa, au msindikizaji wa mgonjwa.